Zimeni, Tusukume

Steji yetu ya barabara ya Vurra ina pikipiki sitini na tatu
na sifa mbaya kuzidi hiyo idadi.
Akina mama wa sokoni Arua hukumbatia pochi tukipita,
trafiki hutuita mavuno.
Lakini asubuhi ile kofia ya Ezati ilizunguka
ikiwa imepinduliwa kama bakuli,
kila mkono ukaingia ngumi, ukatoka kiganja:
elfu mbili, elfu tano,
mia tano ya Drani ambaye watoto wake
walilalia chai.
Pesa ya petroli. Onzima anarudi leo kutoka Mogadishu,
kwa sanduku.

Tulikata matawi tukayafunga kwenye usukani.
Sisi, mafundi wa kupenya kati ya lori na mtaro,
tukapanga mistari miwili, gia ya kwanza,
na sharti moja tu: asimpite mtu.
Hujui uzito wa mwendo wa pole mpaka uuendeshe.
Klachi inaungua. Mguu unatafutatafuta ardhi.

Nyuma yangu nilimpakia Koplo Adriko.
Yeye alirudi Machi, kwa basi la usiku,
akashuka na begi moja na mguu mmoja,
na hakuna aliyempigia hata honi.
Ni mimi niliyemfikisha kwao.
Aliniuliza, "Bei gani?"
Nikamtajia bei ya usiku.
Mungu anisamehe, nikamtajia bei ya usiku.

Kwenye daraja la magogo gari la jeshi lilikataa.
Askari sita wakalitwaa jeneza begani
na sisi tukafuata, tukinguruma kwa adabu,
hadi ekzosi ya Drani ikapasuka: pa!
Vidole vya Adriko vikazama mbavuni mwangu.
Hakupiga kelele. Alikuwa akihesabu kwa Kilugbara,
anafika nne, anarudi moja,
anafika nne, anarudi moja.

Niliinua mkono. Ezati hakuuliza, alizima.
Akazima wa pili. Halafu mstari mzima,
kama mji umeme unapokatika mtaa kwa mtaa.
Tukashuka, tukasukuma.
Adriko peke yake alibaki juu ya kiti,
magongo mapajani,
na Drani akaja kunisaidia upande wa kushoto
bila kumtazama usoni.

Sikuwaambia wenzangu kuhusu baba.
Naye alivaa gwanda, la serikali iliyoanguka.
Alivuka kwenda Kongo usiku mimi nikiwa mgongoni pa mama,
akafia huko, akavikwa mkeka,
na mama akaambiwa alie kwa ndani.
Sijui kaburi liko kijiji gani.
Basi kwenye kilima kile, mwenzangu,
mimi nilikuwa nasindikiza wawili.

Candiru, mama yake Onzima, alituambia baadaye:
"Nilisubiri ngurumo yenu ili nijue saa ya kulia.
Badala yake nikasikia ndala.
Ndala nyingi, na minyororo ikilia tik, tik,
nikafikiri ni ng'ombe wanarudi,
nikatoka kuwafungulia."
Alisimama na kamba mkononi.
Ndipo alipoliona jeneza.

Jioni tulirudi stejini, matawi yamenyauka.
Abiria wa kwanza alikuwa na magunia mawili ya muhogo
na alitaka kunipa elfu moja.
Tulibishana kama kawaida.

Adriko alipokuwa akishuka aliniuliza tena, "Bei gani?"
nikajifanya natafuta ufunguo
ambao ulikuwa mkononi mwangu.
Akacheka kidogo, mara ya kwanza.
"Basi nipitie Jumatano," akasema, "nina kliniki."

Tangu hapo, kila Jumatano saa mbili asubuhi
nazima injini nikifika kwenye kinu cha mahindi,
nyumba tano kabla ya kwake,
nasukuma.